Mtoto wa mbwa wangu hataki maji: nimlazimishe?

*"Daktari, nina mtoto wa mbwa wa wiki saba, chotara wa German Shepherd, ana kama kilo tatu. Tupo Dar, na joto la miezi hii unalijua. Mchana anakaa kwenye banda la mabati uani, usiku tunamlaza jikoni. Kila asubuhi namwekea maji ya kisima, ananusa tu anaondoka. Maziwa ya ng'ombe ndiyo anayoyapenda, kwa siku anamaliza kikombe kizima, ila tangu juzi anapata choo laini na leo ni karibu majimaji. Anakula na anacheza, ingawa mchana analala sana. Jirani mmoja ananiambia nimpe madafu, mwingine ORS, mwingine nimnyweshe maji kwa nguvu kwa bomba la sindano. Mume wangu naye anaondoa bakuli usiku ili asitukojolee. Nimevuta ngozi ya shingo, inarudi vizuri. Je, anatakiwa anywe maji kiasi gani, na hali hii ni ya kuogopa?"*

Dada yangu, umeuliza mambo mawili kwa pamoja: mbwa asiyegusa maji, na mbwa anayeharisha. La kwanza halinitii hofu. La pili linanitia, na ningependa mtoto huyo aonwe na daktari wa mifugo kesho asubuhi, hata kama utaamka umkute anarukaruka. Sababu nitakueleza. Ila usiku huu huu fanya mawili: acha kumpa maziwa ya ng'ombe, na mwombe shemeji arudishe bakuli.

Kwanza kiasi cha maji. Mtoto wa mbwa aliyekwisha kuachishwa ziwa anahitaji takriban mililita 60 hadi 100 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, ukijumlisha maji yote: ya bakuli, ya chakula na ya maziwa. Mbwa mkubwa anatosheka na 50 au 60. Wako ana kilo tatu, kwa hiyo ni kati ya mililita 180 na 300, na kwa joto la Dar mimi ningeshika kiwango cha juu. Sasa kikombe cha chai cha kawaida kinaingia kama mililita 250, na asilimia 87 ya maziwa ya ng'ombe ni maji. Kwenye kikombe hicho kimoja ameshapata zaidi ya mililita 200 kabla hajasogelea bakuli. Ongeza ugali wake, ambao nao zaidi ya nusu ni maji. Anaponusa bakuli na kuondoka, ni kwa sababu hana kiu.

Huenda pia maji yenyewe hayampendezi. Visima vingi vya Dar vina chumvi, vingine kali kabisa. Onja maji unayomwekea. Kama hayo maji huwezi kuyapikia chai, usimtegemee yeye ayapende, na hata akiyanywa, chumvi hiyo inazipa kazi figo ambazo bado changa. Mpe maji yale yale mnayokunywa ninyi ndani, ya bomba au ya kununua. Mtoto wa kilo tatu hatakumalizia ndoo. Angalia na bakuli. Kama ni la plastiki lenye mikwaruzo, linashika harufu ya sabuni na mabaki ya chakula, na pua ya mbwa haisamehi kitu. Bakuli la chuma au la udongo ni bora, liwe zito asiligeuze, na lisiwe na kina kirefu. Ndoo usimwekee hata siku moja, kwa sababu mtoto wa mbwa akitumbukia kichwa mbele hatoki.

Sasa tuje kwenye maziwa, kwa kuwa naona ndiyo yaliyoanzisha haya yote, au angalau yanayakuza. Watu wengi wanaamini mtoto wa mbwa lazima apewe maziwa kwa kuwa ni mtoto. Maziwa ya mama yake ndiyo, tena bila kubadilisha. Lakini maziwa ya mbwa na ya ng'ombe hayafanani. Ya mbwa yana mafuta na protini nyingi zaidi, na sukari ya maziwa, yaani laktosi, kidogo zaidi. Halafu mtoto anapoanza kuacha ziwa, utumbo wake unapunguza kutengeneza kimeng'enya kinachovunja laktosi. Ukimmiminia kikombe kizima cha maziwa ya ng'ombe, sehemu ya sukari hiyo inabaki utumbini bila kumeng'enywa. Inayavuta maji kutoka mwilini kuingia kwenye utumbo, bakteria wanaichachusha, tumbo linajaa gesi, na kinyesi kinatoka laini, kisha majimaji. Hapo ndipo mwenye mbwa anapopotea: anamwona anakunywa vizuri, kumbe kinywaji chenyewe kinamtoa maji kwa nyuma.

Lakini nisikufiche kitu, dada. Si kila kuharisha kwa mtoto wa wiki saba ni maziwa. Minyoo inafanya hivyo hivyo, na watoto wengi wa mbwa huipata kutoka kwa mama, ya safura ikiwemo kupitia maziwa yake. Ndiyo maana dawa ya minyoo huanzishwa wiki ya 2 na kurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi afike wiki 8. Hukunitajia kama amepewa. Pia kuna parvo, ugonjwa wa virusi uliojulikana duniani mwaka 1978, na hadi leo unaua watoto wa mbwa wasiochanjwa. Virusi vyake vinaweza kukaa kwenye udongo miezi mingi, kwa hiyo anaweza kuupata uani kwako bila kukutana na mbwa yeyote. Chanjo huanza wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka wiki ya 16. Mtoto aliyepata chanjo moja tu bado hajakingika. Ukimtazama tu kwa macho siku ya kwanza ya ugonjwa, huwezi kutofautisha maziwa, minyoo na parvo, na mimi pia siwezi kutoka huku niliko. Ndiyo sababu ya kukutuma kwa daktari kesho.

Na kwa nini kesho, si baada ya siku tatu tuone? Mwili wa mtoto wa mbwa una maji mengi kwa uzito wake kuliko wa mbwa mkubwa, lakini akiba yake ni ndogo, na figo za umri huu bado hazijui kuubana mkojo vizuri pale maji yanapopungua. Anaendelea kukojoa huku anakauka. Ukimwona mgonjwa kidogo, kwa kawaida ameshapoteza asilimia 5 hivi ya uzito wake, na kwa kilo tatu hiyo ni mililita 150. Akifika asilimia 10 hali ni mbaya sana, na hiyo ni mililita 300, haijai chupa moja ya soda. Akivuka 12 anaingia kwenye mshtuko wa damu kukosa msukumo, na hapo tunapigania roho. Mtoto anayeharisha majimaji na kutapika anaweza kuipita njia hiyo yote ndani ya siku moja.

Sasa ile ngozi uliyoivuta. Kipimo hicho kinafaa kwa mbwa mkubwa, kwa mtoto kinadanganya. Mtoto mnene ngozi yake inarudi haraka hata akiwa amekauka, na aliyekonda ngozi yake inasimama hata akiwa na maji ya kutosha. Nitakupa vipimo vitatu ninavyoviamini zaidi.

Cha kwanza ni fizi. Nawa mikono, mpakate mtoto, nyanyua mdomo wa juu kwa kidole gumba, kisha pitisha kidole kwenye ufizi juu ya lile jino la chonge. Kidole kinapaswa kuteleza. Kikinata, au ukihisi ufizi umekauka kama ngozi ya nje, maji yamepungua. Halafu bonyeza ufizi mpaka uwe mweupe, achia, na utazame rangi inavyorudi. Isizidi sekunde 2. Chotara wengi wa German Shepherd wana fizi zenye madoa meusi au nyeusi kabisa, kwa hiyo usishtuke. Tafuta kipande chenye rangi ya waridi, au vuta kidogo kope la chini na uangalie ndani. Fanya hivyo leo akiwa bado mchangamfu, ili uyajue mazoea yake. Kesho keshokutwa ukiona tofauti utaitambua mara moja.

Cha pili ni mkojo. Mtoto wa umri huu hukojoa kila anapoamka, kila anapomaliza kula na baada ya kucheza, na mkojo wake unakaribia kukosa rangi. Mkojo wa njano iliyokolea kwa mtoto mdogo si wa kawaida. Sakafu ya saruji haionyeshi rangi, kwa hiyo mtandikie gazeti au kitambaa cheupe pale jikoni. Mchana akipitisha muda wa saa 6 hadi 8 mfululizo bila tone, usisubiri kesho.

Cha tatu ndicho ninachokipenda kuliko vyote, na ni wachache wanaokifanya: mpime uzito. Mizani ya jikoni inatosha, au panda mzani na mtoto mkononi kisha panda bila yeye, ingawa mzani wa namna hiyo hauonyeshi gramu chache. Mpime kila asubuhi kabla ya chakula na uandike. Mtoto wa wiki saba anapaswa kuongezeka kila siku. Mafuta na nyama haviwezi kupotea gramu 150 kwa usiku mmoja, kwa hiyo akipungua kiasi hicho ni maji yametoka.

Sasa ushauri wa majirani, maana kila mmoja ana kitu cha kweli ndani yake.

ORS inafaa, kwa mtoto anayeharisha bila kutapika na ambaye bado ana nguvu. Utumbo unafyonza sodiamu, iliyo kwenye chumvi, na glukosi, ambayo ni aina ya sukari, kwa pamoja kupitia mlango mmoja, na vikipita hivyo viwili maji yanavifuata. Mlango huo mara nyingi unaendelea kufanya kazi hata utumbo ukiwa umeumia. Ndiyo maana maji matupu hayatoshi kwa anayeharisha, wala maji ya sukari peke yake. Pakiti soma ilivyoandikwa: nyingi ni za lita nzima, zipo za nusu lita. Pakiti ya lita ukiichanganya kwenye kikombe unatengeneza maji makali yatakayomzidishia kuharisha. Mpe kijiko kimoja cha chai, arambe mwenyewe, kila baada ya dakika 10 au 15. Ukimpa bakuli zima akalimaliza kwa pupa, anaweza kulitapika lote. Baada ya saa 24 mwaga, changanya nyingine. Na kama umeuziwa ORS iliyofungwa pamoja na vidonge vya zinki, hivyo vidonge ni vya watoto wa binadamu, mbwa usimpe. Vivyo hivyo Flagyl iliyobaki kabatini, panadol, na dawa za kufunga kuharisha. Vipimo vyake kwa mwili wa kilo tatu si vya kukisia.

Madafu hayana ubaya kwa mbwa mzima mwenye afya akiramba kidogo, lakini si tiba. Yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, na anayeharisha anachopoteza zaidi na kukihitaji ili kushika maji mwilini ni hiyo sodiamu. Tena madafu mengi kwa wakati mmoja yanalegeza tumbo.

Bomba la sindano ndilo linalonitisha. Mtoto anayenyweshwa kwa nguvu, kichwa kikiwa kimeinuliwa juu, maji yanaingia kwenye njia ya hewa, na nimonia ya namna hiyo inaua kuliko kiu. Kama daktari atakuagiza utumie bomba, liwe halina sindano, ncha iingie pembeni kati ya shavu na meno, kichwa kikae sawa kama anapotazama mbele, utone kama mililita moja, ameze, ndipo utone nyingine. Mtoto aliyelegea asiyeweza kumeza mwenyewe hapewi kitu chochote mdomoni nyumbani.

Kuna jambo jingine hukuliuliza, ila mtaani utakutana nalo: fundi wa kuja nyumbani kumchoma mbwa dripu ya sukari chini ya ngozi. Mkatae. Dripu ya sukari ya asilimia 5 chini ya ngozi ya mtoto aliyekauka inaweza kuvuta chumvi na maji kutoka kwenye damu kuja pale ilipochomwa, na mtoto akazidi kudhoofika. Hata maji sahihi ya chini ya ngozi hayafyonzwi vizuri mwili ukishakauka sana, kwa kuwa mishipa ya ngozi inakuwa imejifunga. Anayestahili dripu anastahili ya mshipani, kwa daktari, akipimwa na sukari ya damu, maana watoto wadogo inawashuka upesi.

Kuhusu shemeji na bakuli la usiku, ninamwelewa, jikoni kukinuka mkojo si raha. Ila kibofu cha mtoto wa wiki saba hakiwezi kushika usiku kucha, awe amekunywa au hakunywa. Kumnyima maji hakumfundishi kitu. Mtoeni nje kabla ya kulala, mmoja wenu amtoe tena usiku wa manane na alfajiri, na akikojoa nje msifieni pale pale. Akifika miezi mitatu minne akiwa na afya, na msimu wa joto umepita, bakuli mnaweza kuliondoa saa moja kabla ya kulala. Sasa hivi, na kuharisha huku, hapana.

Lile banda la mabati nalo liangalieni. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, anapoza mwili kwa kuhema, na kila pumzi inatoka na maji. Kwa unyevu wa hewa ya Dar kuhema hakupozi sawasawa, kwa hiyo anahema zaidi na kupoteza zaidi. Huko kulala sana mchana kunaweza kuwa usingizi wa kitoto tu, na kunaweza kuwa ni joto. Ingiza mkono wako bandani saa nane mchana uone kama unavumilia. Mhamishieni chini ya mti au barazani, na bakuli likae kivulini, mbali na anapojisaidia. Maji badilisha asubuhi, mchana na jioni.

Sasa angalia hatari ambayo wengi hawaioni. Ukiacha maziwa leo, umeondoa pia zile mililita 200 za maji alizokuwa akizipata humo. Usipozirudisha kwa njia nyingine, kesho atakuwa amekauka kwa kuharisha na kwa kukosa. Njia rahisi ni kuzipitishia kwenye chakula. Mgawie milo minne midogo, ugali laini au wali uliochemka sana pamoja na nyama ya kuku isiyo na mafuta, na juu yake mimina supu ya kuku vuguvugu mpaka chakula kiwe kama uji mzito. Supu hiyo ichemshe peke yake: bila chumvi, bila kitunguu maji wala kitunguu saumu, kwa kuwa vitunguu vinaharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Dagaa waliokaushwa kwa chumvi waweke kando kwa sasa, na hata akipona waloweke na umwage maji kwanza. Tumbo likitulia mnarudi kwenye chakula kamili cha watoto wa mbwa, maana wali na kuku havimtoshi kukua. Chakula kikavu cha dukani kina kama asilimia 10 tu ya maji, nacho pia kiloweke mpaka azoee bakuli.

Akizoea, atakunywa mwenyewe. Ikitokea siku za mbele ukaona kinyume chake, anakunywa bila kukoma na kukojoa bila kukoma ilhali joto halijaongezeka, hilo nalo ni la kumwona daktari.

Usiku huu, usisubiri asubuhi kama atatapika zaidi ya mara moja, kama kinyesi kitakuwa na damu au kuwa cheusi au chenye harufu kali usiyoizoea, kama atakataa milo miwili mfululizo, kama fizi zitanata au kupauka, macho yakizama, miguu na masikio yakiwa ya baridi, au akikosa nguvu ya kukufuata. Kwa parvo iliyokolea, kati ya kutibiwa mapema kwa dripu na kukaa naye nyumbani, tofauti ni kubwa mno: wengi wanaopata dripu mapema wanapona, wengi wasiotibiwa wanakufa. Gharama ya kulazwa si ndogo na sitakudanganya, lakini kuchunguza kinyesi na kutoa dawa ya minyoo kesho ni fedha kidogo sana ukilinganisha. Kama hujui daktari wa karibu, afisa mifugo wa kata yenu anawajua. Uliza kama amesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania.

Uendapo, mfunge kwenye boksi lenye kitambaa, usimweke chini kwenye sakafu ya kliniki wala kumwacha anuse mbwa wengine, kwa sababu chanjo zake hazijakamilika. Chukua kinyesi cha asubuhi hiyo kwenye kopo safi lenye mfuniko, kadi ya chanjo kama uliyemnunua kwake alikupa, na karatasi yenye uzito wake wa leo na wa kesho, mara alizokojoa, mara alizoharisha, na ORS aliyokunywa. Daktari akishika karatasi hiyo ataanza kazi badala ya kukuhoji.